Wino uliolingana na kalamu isiyo yake

Ripoti aliyoniletea yule binti ilikuwa na kurasa sita, jedwali safi lililopigwa kwa rula, na jibu ambalo si sahihi.

Mradi ulikuwa wa maonyesho ya sayansi ya shule, na swali lake nililipenda tangu mwanzo. Kalamu tano, zote za wino mweusi. Mwenzake alichukua mojawapo bila yeye kuona, akaandika neno la herufi sita kwenye karatasi ya kawaida, kisha akaandika namba ya kalamu hiyo kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya bahasha na kuigundisha. Kazi ya binti ilikuwa kuutenganisha wino wa neno lile kwa kromatografia ya karatasi na kuitaja kalamu kabla bahasha haijafunguliwa. Aliitaja kalamu ya 2. Kikaratasi kilisema 1.

Alikuja kwangu akiwa ameshaamua kuachana na wino na kutafuta mradi mwingine. "Mwalimu, hatua zote nimefuata," aliniambia, "na namba zinaoana kabisa. Hebu zitazame."

Nikazitazama. Kweli zilioana, na ndiyo maana nikamzuia asitupe kitu. Jaribio linaloharibika waziwazi, karatasi ikachanika au bilauri ikapinduka, halina mengi ya kuchambua. Unafuta meza unaanza upya. Hili lake liliharibika huku likionekana zima.

Alichokifanya

Kalamu ya 1 na ya 2 zilikuwa maka za wino wa maji, zile za kupakia rangi, kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Ya 3 ilikuwa maka ya kudumu, isiyofutika. Ya 4 bolpeni. Ya 5 kalamu ya jeli.

Kwa asiyewahi kuifanya kazi hii: unatia doa dogo la wino karibu na mwisho wa kipande cha karatasi ya kuchujia, unakitundika ndani ya bilauri ncha yake ya chini ikigusa maji na doa likibaki juu ya maji, halafu unasubiri. Maji yanapanda yenyewe kupitia nyuzi za karatasi. Yakilifikia doa yanauyeyusha wino na kuubeba, na hapo rangi zilizochanganywa humo zinaanza kuachana. Karatasi ni selulosi, na selulosi ina sehemu nyingi zinazovutana na maji na kuvutana na molekuli za rangi. Rangi inayoshikwa sana na karatasi inachelewa, na ile inayopendelea kubaki ndani ya maji inatangulia. Watu wawili wanapita mtaa mmoja kwa wakati mmoja: huyu hajuani na yeyote, yule anasimama kusalimia kila mlango. Watafika mwisho wa mtaa kwa saa tofauti ingawa hatua zao ni sawa.

Vipande vyake vilikuwa na urefu wa sentimita 12. Mstari wa kuanzia aliuchora sentimita 2 kutoka chini, hivyo juu ya mstari zilibaki sentimita 10. Jumatatu alipima kalamu zote tano, kila moja na kipande chake. Kabla ya kuanza alipiga alama sentimita 8 juu ya mstari, na maji yalipofika kwenye alama akakitoa kipande. Utaratibu mzuri huo, na hakuna aliyemfundisha. Alhamisi alikipima kile kipande cha neno lisilojulikana.

Kwa kila rangi iliyojitenga alikokotoa thamani ya Rf: umbali uliosafiriwa na rangi kutoka kwenye mstari wa kuanzia, ugawanye kwa umbali uliosafiriwa na maji kutoka mstari huohuo. Rangi isiyobanduka ina 0, na inayokwenda sambamba na ukingo wa maji ina 1. Zote nyingine zinaangukia katikati.

Kalamu ya 1 ilitoa rangi tatu. Ya chini kabisa ilikuwa ya chungwa iliyofifia, 3.6 juu ya 8.0, yaani 0.45. Waridi ilifika 5.0, yaani 0.63. Buluu ilitangulia hadi 7.2, yaani 0.90. Kalamu ya 2 nayo ilitoa chungwa, waridi na buluu kwa mpangilio uleule, ila zote zilikuwa chini kidogo: 0.38, 0.55 na 0.76. Kalamu ya 3, ya 4 na ya 5 hazikutoa chochote. Madoa yao yalibaki pale yalipowekwa, meusi vilevile, maji yakiwa yameyapita na kwenda zake.

Wino wa neno lisilojulikana: chungwa 0.38, waridi 0.53, buluu 0.76.

Weka safu hiyo kando ya ile ya kalamu ya 2 uone kama wewe usingesema alichosema yeye. Mbili zinalingana hadi tarakimu ya mwisho, na ya tatu imepishana kwa 0.02, tofauti inayoletwa na jicho tu kwenye rula. Kama ningekuwa jaji wa maonyesho na bahasha haipo, ningempa alama zote.

Tulikolipata kosa

Watu wengi, na walimu pia, jibu likikataa hurudi kwenye orodha ya makosa yanayojulikana. Je, maji yalilifunika doa? Doa lilikuwa kubwa mno? Karatasi iligusa ukuta wa bilauri? Tuliipitia orodha hiyo, haikutupa kitu. Maji yakilifunika doa, wino unamwagikia chini na unauona kwa macho. Doa likiwa nene, rangi zinaacha mkia mrefu zikipanda, na vipande vyake havikuwa na mikia. Karatasi ikigusa ukuta, maji yanakimbilia ukingoni na ukingo wao unapinda, madoa yanapanda mshazari. Vyake vilikuwa wima.

Nikamwambia aache kutafuta kosa kwenye hatua, atafute kwenye namba. Thamani ya Rf inatokana na kugawanya namba mbili, na jedwali lake lilionyesha matokeo ya mgawanyo tu. Nikaomba daftari la vipimo vyenyewe.

Humo nikakuta kitu ambacho ripoti haikukisema. Kwa vipande vitano vya Jumatatu kigawanyo kilikuwa 8.0. Kwa kipande cha Alhamisi kilikuwa 10.0.

"Siku hiyo maji ulisema yamefika wapi?"

"Juu kabisa."

"Uliyaona?"

Akanyamaza kidogo. Kengele ilikuwa imelia, akakitoa kipande kwenye bilauri, akakitundika kikauke, akaenda darasani. Aliporudi karatasi ilikuwa kavu kote na ukingo wa maji hauonekani tena. Akapima kutoka kwenye mstari hadi mwisho wa karatasi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kupimia. Hakudanganya, alijaza nafasi iliyokuwa wazi kwa kitu kilichoonekana cha busara.

Hata hivyo 10.0 ilikuwa haiwezekani, na ushahidi ulikuwa karatasini. Kipande kilishikwa kwa klipu juu, na klipu ilikuwa imeacha alama ya meno yake nusu sentimita kutoka ukingoni. Ili yafike 10.0, maji yangepaswa kupita chini ya klipu ya chuma hadi kwenye ukingo wenyewe, na karatasi iliyolowa ikiwa imebanwa hivyo hubaki imekunjamana. Hii ilikuwa imenyooka.

Tukaenda dirishani. Ukikishika kipande kikavu kwenye mwanga, ukakiinamisha polepole mbele na nyuma, unaweza kuona jambo ambalo ukikilaza mezani hulioni: mstari mwembamba wa rangi ya majani makavu, unaokata karatasi kutoka upande hadi upande, umepindapinda kidogo mfano wa alama ya maji yaliyokauka ukutani. Maji yanapopanda husukuma mbele uchafu mdogo uliomo kwenye karatasi, na yanapokauka huuacha pale yaliposimama. Chini ya mstari huo karatasi ilikuwa na mawimbi madogo, na juu yake ilikuwa laini kama ilivyotoka kwenye pakiti. Akaweka rula. Sentimita 8.4.

Chungwa ilikuwa imefika 3.8, waridi 5.3, buluu 7.6. Akagawanya upya kwa 8.4, akiandika pembeni mwa ukurasa kwa penseli: 0.45, 0.63, 0.90.

Hakusema kitu. Alifunua ukurasa wa nyuma, akatazama safu ya kalamu ya 1, akarudi mbele.

Kwa nini kosa moja likazaa namba tatu nzuri

Hapa ndipo penye utamu wa kisa chote, na ndiyo sababu nakiandika.

Kama angekosea kuipima rangi moja, thamani moja ingekataa na nyingine mbili zingekubali, naye angeshtuka. Kama mkono wake ungetetemeka, kila thamani ingepotoka upande wake. Lakini yeye alikosea kigawanyo, na kigawanyo ni kimoja kwa rangi zote za kipande. Kwa kuandika 10.0 badala ya 8.4 alizishusha thamani zote tatu kwa kiwango kimoja, kila moja ikawa asilimia 84 ya ilivyopaswa kuwa. Ni kosa lenye nidhamu. Halivurugi mpangilio, linausogeza mzima mzima.

Na ilitokea kwamba kalamu ya 2, kwa muundo wake, inatoa rangi zilezile tatu kwa mpangilio uleule, zikiwa zimeshuka kwa karibu kiwango hichohicho. Gawanya 0.38 kwa 0.45 na 0.76 kwa 0.90, zote zinatoa 0.84. Waridi inatoa 0.87. Hakupata namba za ovyo zilizofanana na kitu kwa bahati. Aliichukua sura ya kalamu ya 1, akaipunguza kimo, ikawa inafanana na ndugu yake mfupi.

Aliniuliza swali lililonifurahisha: kwa kuwa kosa linapunguza zote sawasawa, je, asingeweza kulikwepa kwa kulinganisha rangi zenyewe kwa zenyewe, waridi kwa buluu, bila kujali maji yalifika wapi? Wazo lina akili ndani yake, na kuna kazi ambazo linafaa. Tukajaribu. Kipande kisichojulikana: 5.3 kwa 7.6, sawa na 0.70. Kalamu ya 1: 5.0 kwa 7.2, sawa na 0.69. Kalamu ya 2: 4.4 kwa 6.1, sawa na 0.72. Tofauti ipo, na inaelekea upande unaotakiwa, ila milimita moja ya kosa kwenye waridi ingetosha kuigeuza. Kwa wino unaofanana kiasi hiki njia hiyo haifai.

Nikamtahadharisha pia kuhusu ile 8.4 iliyotuokoa. Mstari wa dirishani unaonyesha maji yaliposimama mwisho, na karatasi iliyotolewa ikiwa imelowa maji yake huendelea kutambaa kidogo kabla ya kukauka. Kwa hiyo 8.4 inatueleza kosa lilitoka wapi, lakini haifai kuingizwa kwenye jedwali kama kipimo. Kitu cha kwanza cha kufanya kipande kinapotoka kwenye bilauri, kabla ya kukipuliza wala kukitundika, ni kuuwekea ukingo wa maji alama ya penseli. Sekunde tatu. Kengele ingesubiri.

Kilichokosekana hata kama angepima sawa

Tuseme kengele haikulia na 8.4 aliipata siku ileile. Jibu lingekuwa sahihi, na mradi ungekuwa bado na kasoro kubwa kuliko ile ya kigawanyo.

Thamani ya Rf si kitambulisho ambacho rangi hutembea nacho popote iendapo. Ni matokeo ya rangi hiyo, kwenye karatasi hiyo, ndani ya kiyeyushi hicho (kimiminika kinachouyeyusha na kuubeba wino, hapa maji), kwa joto la siku hiyo. Badilisha karatasi, thamani inabadilika. Acha bilauri wazi ili maji yavukize kutoka kwenye karatasi wakati yanapanda, inabadilika. Weka doa zito badala ya jepesi, inabadilika tena. Jumatatu aliifunika bilauri kwa karatasi ya nailoni, Alhamisi hakumbuki. Kulinganisha namba za siku mbili ni kutumaini kwamba siku zote mbili zilifanana kwa mambo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji hesabu hata kidogo: weka unavyotaka kuvilinganisha kwenye karatasi moja, kwenye mstari mmoja, ndani ya bilauri moja, madoa yote yanywe maji yaleyale kwa wakati uleule. Kilichowapata hawa kimewapata na wale. Maabara zinazochunguza hati zinazotiliwa shaka hufanya hivyohivyo: wino wa hati na wino wa kulinganishia hupanda pamoja kwenye bamba moja.

Tukarudia. Neno la herufi sita lilikuwa limebakiwa na herufi nne. Alikata herufi moja, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa na kuidondoshea matone mawili ya maji. Baada ya dakika chache maji yakawa ya kijivu kama ya kuoshea brashi. Kwa ncha ya kijiti cha meno akachukua kidogo, akagusa karatasi, akasubiri pakauke, akagusa tena palepale. Mara nane. Kazi hiyo inachosha, na wengi huikatisha kwa kudondosha tone zima mara moja, wakapata doa pana la sentimita nzima ambalo rangi zake haziwezi kuachana kwa sababu zimeanza zikiwa zimetapakaa. Lake lilikuwa na upana wa milimita 2. Kushoto akaweka kalamu ya 1, kulia kalamu ya 2. Mwisho kabisa wa mstari akaweka doa la nne ambalo halionekani: maji yaliyolowekwa kipande cha karatasi ileile ya neno, sehemu isiyoandikwa. Kama karatasi ya kawaida inatoa rangi yake yenyewe, doa hilo ndilo litakalosema.

Halafu tukakaa kutazama. Ukingo wa maji unapolifikia doa jeusi hakuna kinachotokea kwa muda. Kisha upande wa juu wa doa unaanza kuota ukungu wa buluu, mwembamba, unaojivuta kwenda juu huku doa lenyewe likigeuka kuwa la kahawia. Waridi inajitokeza katikati, kwanza kama zambarau kwa sababu bado imechanganyika na buluu, halafu peke yake. Chungwa inabaki nyuma, hafifu, ukiitazama moja kwa moja inakukimbia. Ndani ya dakika kumi na kitu hakuna tena cheusi pale palipokuwa na cheusi.

Maji yalipofika 8.2 akakitoa kipande na kupiga alama papo hapo. Buluu ya kushoto ilikuwa 7.3. Buluu ya katikati, 7.3. Buluu ya kulia, 6.2. Rula haikuhitajika: kushoto na katikati madoa yalikuwa kwenye mstari mmoja kama vishikizo vya shati, na ya kulia yameteremka. Doa la nne halikutoa kitu.

Nikambana kwenye sentensi moja tu ya ripoti mpya. Aliandika, "Neno liliandikwa kwa kalamu ya 1." Karatasi haijui hilo. Kalamu nyingine yoyote ya mtengenezaji yuleyule yenye wino uleule ingetoa madoa hayohayo. Kinachoonekana ni kwamba wino wa neno haukutofautiana na wa kalamu ya 1, na ulitofautiana na wa kalamu ya 2. Alilalamika kwamba hiyo ni lugha ya kukwepa. Nikamwambia ndiyo lugha atakayoikuta kwenye ripoti za wachunguzi wa hati, nao wana sababu zao.

Zile tatu zisizobanduka

Tungeweza kuishia hapo, lakini ripoti ya kwanza ilikuwa na dai la pili ambalo bahasha isingeligusa: "Kalamu ya 3, 4 na 5 zina wino safi wa rangi moja, kwa sababu hazikutengana."

Dai hili nimeliona kwenye miradi mingi kuliko makosa mengine yote, na halisahihishwi kwa rula. Doa lililobaki kwenye mstari linasema jambo moja tu: maji hayakuubeba wino huo. Ndani yake kunaweza kuwa na rangi moja au sita. Kama hazikuingia majini, hazikupata nafasi ya kuachana.

Kisa cha aina hii kina historia. Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea aliyeipa kromatografia jina lake mwaka 1906 kutokana na maneno ya Kigiriki ya rangi na kuandika (na jina lake mwenyewe kwa Kirusi maana yake ni rangi, sijui kama alicheka), alianza kwa kushangazwa na jambo linalofanana na hili. Etha ya petroli, kiyeyushi chepesi kitokanacho na mafuta ya petroli, ilikuwa inaziyeyusha rangi za majani vizuri zikishatolewa, lakini ukiimwagia kwenye majani yenyewe ilikuwa inaondoka na karibu ile ya njano ya karotini peke yake. Akiongeza alkoholi kidogo, zote zinatoka. Akatambua kwamba tatizo halikuwa uyeyukaji: tishu za jani zilikuwa zinazishikilia rangi, na kila rangi ilishikiliwa kwa nguvu yake. Akajaza chokaa ya unga kwenye mrija, akapitisha mchanganyiko, na kijani ambacho jicho linakiona kimoja kikagawanyika kwa tabaka, klorofili mbili na za njano kadhaa. Karatasi ilikuja baadaye, mwaka 1944, kutoka kwa kundi la Archer Martin, ambaye pamoja na Richard Synge walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1952 kwa kromatografia ya mgawanyo.

Kwa hiyo tukabadilisha kiyeyushi. Spiriti ya dukani, alkoholi ya asilimia 70, dirisha wazi, bilauri imefunikwa, pasipo moto wala kiberiti chumbani. Na hapo tukapata ajali ndogo iliyofundisha kuliko mpango wetu.

Mstari wa kuanzia kwenye vipande vyote alikuwa ameuchora kwa bolpeni. Kila kitabu kinasema utumie penseli, naye alikuwa amejionea Jumatatu kwamba bolpeni haina neno: maji yaliupita mstari na ukabaki ulivyo. Alikuwa sahihi kwa maji. Spiriti ilipoufikia, mstari wenyewe uliamka. Ukungu wa zambarau ukapanda kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine, ukayameza madoa yote matatu. "Mwalimu, mstari wangu umekuwa sampuli," alisema, akicheka na kuudhika kwa pamoja. Grafiti ya penseli ni kaboni isiyoyeyuka katika maji wala spiriti, ndiyo maana vitabu havijali unatumia kiyeyushi gani.

Kwa mstari wa penseli mambo yakawa wazi. Maka ya kudumu ikaachana kwa haraka. Bolpeni ikatoa zambarau nzito iliyokwenda mbali, buluu chini yake, na njano hafifu. Zambarau ya namna hiyo kwenye bolpeni nyingi ni kristali vayoleti, rangi ileile ya GV ya kupakwa vidondani. Inafifia kwenye mwanga, kwa hiyo kipande hicho hatukukibandika upande wa dirisha.

Kalamu ya jeli haikusogea. Wala kwenye spiriti. Wino wa jeli mara nyingi haubebi rangi iliyoyeyuka bali chembe ngumu zinazoelea, na kama ni nyeusi huenda ni masizi ya kaboni. Chembe ya namna hiyo karatasi inaichuja kama inavyochuja mchanga. Hakuna kiyeyushi cha mezani kwetu kitakachoipandisha. Binti alitaka kuandika "kaboni". Nikamuuliza amejuaje. Akasema amejua kwa sababu nimemwambia. Tukaliacha.

Siku ya maonyesho aliweka vipande viwili vya neno kando kwa kando, kile cha Alhamisi chenye 10.0 iliyokatwa kwa wino mwekundu, na kile cha madoa manne. Watu walisimama zaidi kwenye cha Alhamisi; aliwapa kila mmoja akishike kwenye mwanga na kuutafuta mstari wa maji. Jaji mmoja aliutafuta kwa dakika nzima, akavaa miwani, akaupata.

Mwisho wa ubao kulikuwa na kipande cha kalamu ya 5, doa moja jeusi kwenye mstari wa penseli na karatasi nyeupe yote juu yake. Lebo yake aliiandika mwenyewe: "Rf katika maji 0. Rf katika spiriti 0. Idadi ya rangi: sijui."